Soma Mita Kabla ya Kulaumu Taa

Malalamiko ni yale yale kuanzia Mbagala mpaka Tegeta: umeme wa elfu kumi zamani ulifika wiki mbili, sasa haumalizi hata wiki. Baba anapita chumba hadi chumba kuzima taa. Watoto wanafokewa kwa kuacha TV inawaka. Mama mwenye nyumba anasema mita imechezewa, na jirani anapendekeza aitwe kijana fulani anayezijua mita. Mwezi unaofuata uniti zinaisha vile vile. Katika purukushani yote hiyo hakuna aliyepima. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na umeme ni mali.

Kwenye nchi za baridi, mwenye nyumba humlipa mtaalamu aje na kamera ya kuona joto pamoja na feni kubwa ya kufunga mlangoni, atafute mahali hewa ya moto inapovujia. Nyumba zetu za Dar es Salaam, Tanga na Mtwara hazipigani na baridi, na wengi wetu hatuna pesa ya mtaalamu wa namna hiyo. Lakini ukaguzi wenyewe tunaweza kuufanya kwa vitu vilivyomo ndani: mita ya LUKU ya kulipia kabla, saa ya simu, daftari na kalamu. Unahitaji wiki moja ya uvumilivu na usiku mmoja wa kuzima kila kitu.

Anza na bei. Fungua ujumbe wa simu wa tokeni ya mwisho. Uniti moja ni wati 1,000 zikitumika kwa saa moja: pasi ya wati 1,000 ikiwaka mfululizo saa nzima inakula uniti moja, na balbu ya wati 10 inahitaji saa 100 kuimaliza uniti hiyo hiyo. Kwa bei zilizoanza kutumika mwaka 2016, mteja wa kawaida wa nyumbani, kundi la T1, analipa shilingi 292 kwa uniti. Juu yake kuna VAT asilimia 18, tozo ya REA ya umeme vijijini asilimia 3 na ya EWURA, mdhibiti wa nishati, asilimia 1, jumla shilingi 356 na senti kidogo. Ndiyo maana elfu kumi inatoa uniti 28. Mwanzoni mwa mwezi zinaweza kupungua, kwa sababu tangu mwaka 2021 kodi ya jengo nayo hukatwa kupitia LUKU. Wengi wanaodhani mita "imekimbia" tarehe mosi, kodi hiyo ndiyo iliyowapitia.

Kaya zenye matumizi madogo ziko kundi la D1. Hapo uniti 75 za kwanza za mwezi ni shilingi 100 kila moja, yaani 122 pamoja na tozo. Ukivuka 75, bei inaruka mpaka 350, ambayo pamoja na tozo ni 427. Uniti ya 76 inalipiwa mara tatu na nusu ya ile ya 75. Kaya ya D1 inayotumia uniti 90 inalipa shilingi 9,150 kwa zile 75 za mwanzo, halafu inalipa 6,405 kwa zile 15 tu za juu. Kama uko kundi hili, lengo lako linajulikana kabisa: uniti mbili na nusu kwa siku, basi. Ukiwa hujui uko wapi, toa kodi ya jengo kwenye pesa uliyolipa, ugawanye kwa uniti ulizopata. Jibu likiwa karibu na 122 uko D1. Likiwa karibu na 356 uko T1.

Sasa daftari. Kwa siku saba, andika uniti zilizobaki kwenye mita mara mbili kwa siku: usiku mnapokwenda kulala, tuseme saa nne, na asubuhi saa kumi na mbili kabla mtu hajawasha kitu. Pembeni andika lililotokea siku hiyo: tumepiga pasi nguo za shule, wageni wamelala, maji yamepandishwa kwenye tangi, tumechemsha maharage. Ukiongeza umeme katikati ya wiki, andika pia uniti ulizoingiza, la sivyo hesabu itakuchanganya.

Namba ya usiku ndiyo ninayoiamini kuliko zote, kwa sababu watu wamelala na hakuna wa kumsingizia. Uniti moja ikiliwa kati ya saa nne usiku na saa kumi na mbili asubuhi, maana yake nyumba ilikuwa inavuta wastani wa wati 125 kwa saa nane. Friji na feni moja vinaweza kueleza hilo. Zikiliwa uniti nne na hamna kiyoyozi, kuna kitu kinakula gizani na inabidi ukitafute.

Hapo ndipo taa ndogo ya mita inaposaidia. Itazame mita yako vizuri, utaona kijitaa chekundu kinachopepesa, na karibu yake maandishi kama 1000 imp/kWh. Maana yake kijitaa hicho hupepesa mara 1,000 kwa kila uniti moja. Kwa hiyo ukihesabu sekunde kati ya mpepeso mmoja na unaofuata, halafu ukagawa 3,600 kwa sekunde hizo, unapata wati zinazotumika ndani ya nyumba kwa wakati huo. Sekunde tatu ni wati 1,200. Sekunde 30 ni wati 120. Sekunde 60 ni wati 60. Mita yako ikiwa imeandikwa 1600, gawa 2,250 badala ya 3,600. Kama kinapepesa haraka kiasi cha kukuzidi macho, hesabu mipepeso kumi kwa saa ya simu, ugawe muda huo kwa kumi.

Chagua usiku mmoja ufanye hivi. Zima kila kitu, kisha chomoa kila kitu kwenye soketi, friji pamoja na chaja za simu. Usizime swichi kuu, maana unataka kujua kama nyaya zenyewe zina tatizo. Simama mbele ya mita dakika tano. Kijitaa kikitulia, shukuru, nyaya zako hazivujishi. Kikiendelea kupepesa, zima breka za kwenye kisanduku moja moja huku mtu akikiangalia. Breka itakayokituliza ndiyo yenye laini ya kuchunguzwa: pengine ni pampu ya maji iliyosahauliwa, taa ya nje nyuma ya banda, waya uliopitishwa kwa jirani, au waya uliochubuka unaogusa ukuta wenye unyevu. Hilo la mwisho si suala la pesa tu, linaua. Usilifungue mwenyewe.

Baada ya hapo rudisha vitu kimoja kimoja, na kila ukirudisha kimoja pima sekunde na uandike. Mpe mtoto wa darasa la sita kazi ya kuhesabu, atajifunza kugawanya kuliko alivyojifunza darasani. Mtaziona namba zenyewe: balbu ya LED wati 9, TV bapa ya inchi 32 wati 50 hivi, feni ya kusimama 60, pasi zaidi ya 1,000, jagi la kuchemshia maji 1,500 mpaka 2,200, na hita ya maji ya bafuni 3,500 hadi zaidi ya 5,000. Kuzima taa ya LED ya wati 9 kwa saa tano kunaokoa sehemu ndogo isiyofika nusu ya sehemu ya kumi ya uniti. Dakika kumi tu za hita ya bafuni zinakula robo tatu ya uniti.

Hiyo ndiyo hoja yangu, na ningependa kila mwenye LUKU aielewe. Umeme wa nyumbani unaliwa na vitu vinavyopasha moto, vitu vinavyopoza, na vitu visivyozimwa kamwe. Ukiyashughulikia hayo matatu, watoto waachie taa za kusomea.

Kuhusu maji ya kuoga sina maneno mengi. Chukua hita ya bafuni ya wati 4,500 na familia ya watu watano, kila mmoja akioga dakika kumi. Hizo ni uniti tatu na robo tatu kwa siku, karibu shilingi 40,000 kwa mwezi. Kwa Dar es Salaam huo ni umeme unaotupwa bure, kwa sababu maji ya tangi lililopigwa na jua mchana kutwa huwa vuguvugu jioni. Njombe, Mbeya au Lushoto ni habari nyingine, na sitamwambia mtu wa Makambako aoge maji baridi mwezi wa saba. Lakini hata huko ndoo ya lita 20 iliyopashwa kutoka nyuzi 25 hadi 40 inahitaji theluthi moja tu ya uniti, na kama maji yanaanza na nyuzi 15 itafika zaidi kidogo ya nusu. Mwenye uwezo na afunge hita ya jua. Na mwenye hita ya tangi aiwashe nusu saa kabla ya kuoga, aizime akimaliza. Tangi linalokaa limewashwa usiku kucha linapasha maji, yanapoa, linayapasha tena mpaka uamke.

Jagi la umeme lina heshima yake kama mnapima maji. Lita moja kuichemsha ni kama sehemu ya kumi ya uniti, shilingi 35. Kosa ni kulijaza lita mbili kwa ajili ya kikombe kimoja, kisha kuchemsha tena baada ya nusu saa. Nunua chupa ya chai nzuri, chemsha asubuhi mara moja. Pasi nayo inapoteza umeme mwingi kwenye kupata moto tu, kwa hiyo shati moja kila asubuhi kwa siku tano ni ghali kuliko mashati matano Jumapili jioni. Zima pasi kabla ya vazi la mwisho. Moto uliobaki unatosha leso na kanga.

Friji tuikalie kidogo, kwa sababu ndiyo inayofanya kazi usiku na mchana mwaka mzima, na ndiyo inayoharibika polepole bila kupiga kelele.

Kuipima kwa kijitaa hakutoshi, maana kompresa inawaka na kuzima. Iache peke yake usiku mmoja, vingine vyote vimechomolewa, usome mita saa nne na saa kumi na mbili, uzidishe kwa tatu. Friji ya kawaida ya familia yenye afya njema inakula uniti moja au zaidi kidogo kwa siku. Yako ikila mbili na nusu na ni ya ukubwa wa kawaida, inaumwa.

Anza na mpira wa mlango. Chukua noti, ibane kati ya mlango na mwili wa friji, funga, kisha ivute. Inatakiwa igome kidogo. Rudia kila baada ya shubiri moja kuzunguka mlango mzima, hasa kona ya chini upande wa bawaba, ambako mpira huchoka mapema. Ikitoka bila upinzani, hapo pana mlango wa joto. Njia nyingine: washa tochi ya simu, iweke ndani ikielekea mlangoni, funga, zima taa za chumba, uzunguke ukitazama. Mstari wa mwanga unaouona ndiyo njia inayopitisha hewa ya moto ya jikoni. Mara nyingi mpira haujachakaa, umejaa mafuta na chembe za chakula. Uoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, uupake mafuta ya mgando kidogo sana, ujaribu noti tena. Ukikataa, fundi friji atakuuzia mwingine, na pesa hiyo itarudi.

Kisha igeuze nyuma. Zile nyaya nyeusi zilizojipinda, au bati la ubavuni linalopata moto, ndipo joto lililotolewa kwenye nyama yako linapomwagwa. Zikivaa koti la vumbi na utando wa buibui, au friji ikibanwa ukutani na kufunikwa kitambaa cha kufuma chenye maua, joto halina pa kwenda na kompresa haipumziki. Chomoa, pangusa kwa brashi laini, acha nafasi ya kiganja kati yake na ukuta. Iondoe karibu na jiko na mbali na dirisha la magharibi. Barafu ya friza ikizidi unene wa kidole kidogo, iyeyushe, lakini usiikwangue kwa kisu, maana kutoboa bomba la gesi ni kununua friji nyingine. Na angalia ile swichi ya kuzungusha ndani: namba kubwa maana yake ubaridi zaidi. Wengi wameiacha kwenye mwisho tangu siku ya kununua. Nyuzi 4 zinatosha kwa sehemu ya chini.

Kuna desturi ya kuchomoa friji usiku ili kuokoa uniti. Siipendekezi. Unachookoa ni kidogo, kwa sababu asubuhi kompresa inakimbia mfululizo kurudisha ubaridi, huku maziwa na samaki vimekaa saa kadhaa kwenye joto linalowafaa bakteria. Nyumba yenye mtu anayetumia insulini isithubutu kabisa.

Na kabla hujanunua friji ya mtumba, fungua mlango utafute kibandiko cha ndani chenye herufi. T maana yake imetengenezwa kwa nchi za joto, inavumilia chumba cha nyuzi 43. ST inafika 38. N na SN zinaishia 32. Jiko la Dar es Salaam mwezi wa pili mchana linapita 32 bila shida, kwa hiyo friji ya N iliyotoka Ulaya itafanya kazi bila kupumzika kwako hata kama ilikuwa nzima ilikotoka. Ikiwa bado ina lebo ya rangi, usidanganyike na herufi A. Kwenye lebo za Ulaya za kabla ya Machi 2021, A ilikuwa chini ya A+, A++ na A+++. Soma badala yake namba ya kWh kwa mwaka, uigawe kwa 365, na ujue kwamba ilipimwa kwenye joto la nyuzi 25, kwako itapanda. Kenya ilitunga kanuni mwaka 2016 za kutaka vifaa kama friji na viyoyozi viwe na lebo ya nyota, na mnunuzi wa Mombasa akikutana na nyota hizo azitumie. Friji ya bei rahisi inayokula uniti moja ya ziada kila siku itakutoza zaidi ya shilingi 10,000 kila mwezi kwa bei ya T1. Zidisha kwa miaka utakayokaa nayo, ndipo umjibu muuzaji.

Joto la nyumba yenyewe ni mada inayosahaulika mpaka kiyoyozi kimeshafungwa. Kiyoyozi cha BTU 12,000 kinavuta wati 1,100 hivi kompresa ikiwa inafanya kazi, na kwa usiku wa saa nane kinaweza kula uniti sita. Mwezi mzima ni kama shilingi 64,000. Pangaboi la wati 60 kwa saa hizo hizo linakula nusu uniti, shilingi 5,000 kwa mwezi. Kwa hiyo swali la kwanza si kiyoyozi kipi ninunue. Swali ni kwa nini chumba kina joto saa tano usiku wakati nje kuna upepo.

Jibu mara nyingi liko juu ya kichwa. Bati lisilo na dari linamulika joto chini mchana kutwa. Dari ya jipsamu au mbao inasaidia, lakini kama nafasi kati ya dari na bati imezibwa kila upande, joto linajaa humo na kushuka usiku. Acha matundu yenye wavu pande mbili za paa, hewa ya moto ipite. Bati jeupe au lililopakwa rangi nyeupe linarudisha jua vizuri kuliko jekundu au la kijani kibichi. Najua rangi nyeusi ndiyo fasheni ya sasa, lakini fasheni hiyo unailipia kila usiku. Kuta za mashariki na magharibi ndizo zinazopigwa na jua kali, kwa hiyo mti wa mwarobaini au mwembe upande wa magharibi unafanya kazi kubwa kuliko pazia zito, kwa sababu pazia linalizuia jua likiwa tayari limeshaingia ndani.

Wazee wa Pwani walijua pepo zao. Kaskazi inavuma kutoka kaskazini mashariki miezi ile ya joto, Desemba mpaka Machi. Kusi inatawala katikati ya mwaka kutoka kusini mashariki. Anayejenga aweke dirisha la kuingizia upepo upande zinakotoka pepo hizo na la kutolea upande wa pili. Dirisha moja kubwa la aluminiamu kwenye ukuta mmoja haliupitishi upepo hata likiwa wazi lote. Nyumba ikishajengwa bado unaweza kuondoa kabati lililoziba dirisha la pili, kukata majani yaliyosonga nje, na kufungua tundu juu ya mlango.

Ukiamua kuwasha kiyoyozi, na kuna usiku wa Februari ambao kweli unakihitaji, funga chumba. Madirisha ya vioo vya kupangana yanavujisha ubaridi hata yakifungwa. Chini ya mlango weka kitambaa kilichokunjwa. Weka nyuzi 25 au 26 pamoja na feni ya polepole, si 18. Namba 18 haipozi chumba haraka zaidi, inaizuia tu kompresa isipumzike. Toa ule wavu wa mbele uuoshe kwa maji kila mwezi. Kazi ya dakika kumi, na inashangaza wangapi hawajawahi kuufungua.

Tupite haraka kwenye madogo. Balbu za kizamani za wati 60 zikiwa bado zipo, badilisha leo. King'amuzi usikidharau: rimoti inazima picha, lakini vingi vinaendelea kuvuta karibu wati zile zile. Wati 12 mchana na usiku ni uniti nane na nusu kwa mwezi, na kwa kaya ya D1 iliyovuka 75 hizo zinalipiwa kwa bei ya juu. Kizime kwenye soketi. Chaja ya simu isiyo na simu haili chochote cha maana; iache. Pampu ya maji ikiwaka mara kwa mara bila watu kutumia maji, tafuta boya la tangi lililokwama au choo kinachovuja.

Ukaguzi wa nishati usiishie kwenye mita. Andika pia mtungi wa gesi umewashwa tarehe ngapi na gunia au debe la mkaa limeisha lini, kwani mkaa wa rejareja kwa kopo unakula pesa bila risiti. Moto wa gesi ukiwa wa njano na kuacha masizi kwenye sufuria, tundu za jiko zimeziba. Zisafishe mpaka moto uwe wa bluu. Loweka maharage usiku kucha. Funika sufuria. Na mwenye umeme wa kuaminika ninamshauri ajaribu jiko la presha la umeme kwa vyakula vigumu: maharage, makande, nyama ya mifupa. Linavuta kama wati 1,000, lakini likishapata presha linazima na kuwaka kidogo kidogo, na nusu kilo ya maharage kwa kawaida inaiva chini ya nusu uniti. Usiniamini mimi, soma mita kabla na baada, ulinganishe na pesa ya mkaa wa sufuria hiyo hiyo. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wa 2024 hadi 2034, unataka asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati hiyo, na sufuria ya maharage ndiyo mahali pazuri pa kuanzia. Koili ya wazi ya wati 2,000 kwa maharage sikushauri.

Nimeacha mwisho wapangaji wa mita moja, kwa sababu hapo umeme unavunja ujirani. Utaratibu wa kuchanga sawa kwa kila chumba unamwonea mtu. Chukua mpangaji mwenye balbu mbili za wati 9 anazowasha saa tano: kwa mwezi anakula uniti 2.7. Mwenzake ana friji inayokula uniti 1.2 kwa siku, TV ya wati 50 kwa saa sita na feni ya wati 60 kwa saa nane: anakaribia uniti 60. Amemzidi mara 22, na wote wanatoa elfu tano tano. Zaidi ya hapo, vyumba sita kwenye mita moja vinavuka 75 kirahisi, na yule mwenye balbu mbili anapoteza bei ya D1 ambayo angeistahili akiwa peke yake.

Dawa ya kudumu ni mita ndogo ya ndani kwa kila chumba, ifungwe na fundi mwenye leseni ya EWURA. Kabla haijapatikana, kaeni barazani na karatasi. Kila mmoja aandike vifaa vyake, wati zilizoandikwa nyuma ya kifaa, na saa anazotumia. Zidisheni, mgawane gharama kwa uwiano. Kwa friji tumieni ule usomaji wa usiku, si wati za kibandiko, maana kompresa haiwaki muda wote. Haitakuwa hesabu kamili, lakini kila mmoja ataiona ilikotoka, na atakayepinga ataombwa alete namba zake.

Kuna mambo ya kumwachia fundi: soketi inayopata moto au kunuka plastiki, breka inayokata mara kwa mara, taa zinazofifia pampu ikiwaka, bomba au friji inayokupiga shoti ndogo. Mwombe akuoneshe leseni. Na mwombe apime waya wa ardhini, kwa sababu nyumba nyingi zinao kwa jina tu. Vishoka wanaoahidi kuipunguza kasi mita wakimbie. Kuchezea mita ni kosa la jinai, na siku moto ukitokea hakuna atakayekulipa.

Ukimaliza wiki yako ya kwanza, chagua kitu kimoja kinachokula zaidi ukishughulikie, kisha soma mita siku nyingine saba ulinganishe. Usinunue kifaa kipya cha "kuokoa umeme" cha kuchomeka kwenye soketi, vile vinavyouzwa barabarani kwa ahadi ya kupunguza matumizi kwa nusu. Mita yako ya nyumbani inahesabu wati zinazotumika, na kidude hicho hakizipunguzi. Pesa hiyo kanunulie mpira wa mlango wa friji.